Kiraka Kisizidi Ukurasa Nguvu

Katika nyumba za wazee hapa Litein, katika nchi ya Wakipsigis, huenda ukaonyeshwa Biblia iliyorithiwa. Biblia nzima ya Kinandi ilitoka mwaka 1939, na Wakipsigis nao wakaisoma. Nakala ya umri huo mara nyingi mgongo umeachana na kurasa, na mtu mwenye nia njema ameshabandika selotepu. Kuinusuru kunahitaji fundi wa kuhifadhi majalada, na kazi yake inastahili kutazamwa kwa utulivu.

Fundi huyu hakimbilii gundi. Kwanza huchunguza: mafungu ya kurasa yameshonwaje, uzi umekatika wapi, matundu ya zamani yako wapi ili sindano ipite humo humo. Selotepu humchosha sana, kwa kuwa gundi yake hunywewa na karatasi, ikageuka kahawia na kukauka. Yeye hutumia uji wa wanga wa ngano, uliopikwa taratibu na kuchujwa, ambao hata baada ya miaka mingi hulainika kwa maji. Kiraka chake ni karatasi ya Japani ya nyuzi za mti wa kozo, nyembamba hata herufi husomeka chini yake. Hakikati kwa mkasi. Hulowesha mstari kwa brashi kisha hukichana, ili nyuzi za ukingoni zishikane na ukurasa. Kanuni ni moja: kikivutwa, kiachie kiraka, ukurasa ubaki mzima.

Ngozi ina masharti yake. Magome ya miwati, mti unaopandwa nyanda zetu za juu, hutoa dawa nzuri ya kutengenezea ngozi za viatu. Lakini ngozi ya jalada iliyotengenezwa hivyo, ikikaa muda mrefu kwenye hewa yenye moshi wa salfa, hugeuka unga mwekundu. Kuipaka mafuta huifanya nyeusi tu. Fundi huushikamanisha unga huo kwa gundi nyepesi ya selulosi iliyoyeyushwa katika spiriti.

Kila kitabu pia kina desturi yake. Siyu, kisiwani Pate, palikuwa na waandishi wa misahafu na wajalidi mashuhuri katika karne ya 18 na ya 19. Jalada la Kiislamu huwa sawa na ukubwa wa kurasa, na mara nyingi lina ulimi wa ngozi unaofunika ukingo. Kitabu chenye jalada hilo hulazwa rafuni. Jalada la Kizungu huzidi kurasa kidogo, na kitabu husimamishwa. Fundi mwadilifu hakigeuzi kimoja kiwe kingine.

Hapa kwenye mashamba ya chai, mvua ni rafiki wa shamba na adui wa kitabu. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65, ukungu huota. Kabati lisigusane na ukuta wa nje, na hewa ipite.

Mwishoni fundi huandika alichokifanya: uji gani, uzi gani, ngozi gani. Humwandikia fundi atakayekuja nyuma yake. Huyo akiweza kuifungua kazi bila kukiumiza kitabu, atajua kuwa aliyemtangulia alikuwa bingwa.