Macho Yanapoinama Mimbarini

Yupo mchungaji mmoja wa Kilutheri jijini Dar es Salaam ambaye, akipanda mimbarini, masikio yangu hufuata neno na macho yangu hufuata kitu kingine: ni wakati gani anatazama chini. Mbele yake kuna kishikwambi kilicholazwa juu ya Biblia. Anahubiri kama dakika 25. Mwulize muumini yeyote akitoka nje mchungaji alitazama maandishi mara ngapi, atakuambia hakutazama kabisa. Alitazama sana tu, ila alijua pa kuficha.

Akisema "Bwana Yesu asifiwe," usharika mzima unaitika "Ameni," na katika kuitika huko jicho lake limeshuka na kupanda. Akitaja Warumi 8, watu wanainama kutafuta, naye anainama pamoja nao. Wakicheka, anasoma. Nafasi zake zote ni zile ambazo watu wanashughulika na jambo lao. Zamani kufungua andiko kulimpa mhubiri muda wa kutosha, karatasi zinachakarika, bibi anamsaidia mjukuu kuitafuta Habakuki. Siku hizi vijana wana Biblia kwenye simu na wanafika kwenye mstari kabla yake. Nafasi imebaki ya kupepesa jicho tu, kwa hiyo ukurasa wake lazima usomeke kwa kupepesa jicho.

Alinionyesha mmoja, wa mahubiri ya mwana mpotevu. Herufi kubwa, mistari mitano, basi:

LUKA 15:20
bado mbali – nani kamwona kwanza?
mzee ANAKIMBIA
(nyamaza)
wazee wetu hukimbia?

Mstari wa kwanza ulikuwa mwekundu, maana kila andiko kwake ni jekundu. Visa ni vya kijani. Maelezo ni meusi. Hakuna sentensi ndefu hata moja. Sentensi ndefu, alisema, inakushika shati: ukiianza kuisoma unataka kuimaliza, na ukiimaliza umeshawapoteza watu. Neno "nyamaza" nalo limeandikwa makusudi, kwa sababu mhubiri aliyepamba moto hakumbuki kunyamaza. Na mstari wa mwisho wa ukurasa anaurudia juu ya ukurasa unaofuata, ili akigeuza asijikute ameangukia mahali pageni.

Kugeuza kwenyewe ni kazi ya kidole gumba. Mkono umetulia pembeni mwa mimbari kama wa mtu anayepumzika, gumba linagusa kona ya chini, ukurasa unahama huku yeye bado anamalizia wazo la ukurasa uliopita, kama mpiga kinanda wa kwaya anayefunua nota kabla ya ubeti kwisha. Hapendi maandishi yanayoteleza juu na chini mfululizo. Ukurasa uliosimama una sura. Jicho linakumbuka kwamba mzee anakimbia pale katikati. Maandishi yanayoteleza hayana mahali.

Mengine huyamaliza nyumbani Jumamosi usiku. Skrini inazuiwa isijizime yenyewe. Simu na intaneti zinafungwa kwa kuweka hali ya ndegeni, maana hakuna ujumbe wa toba utakaoshindana na taarifa ya kupokea pesa ikishuka juu ya msalaba. Mwanga unapunguzwa na mandhari inakuwa nyeusi, kwa sababu umeme ukikatika kwenye mkesha, skrini nyeupe humulika uso wa mhubiri kutoka chini na kuwatisha watoto. Maandiko yote anayanakili ndani ya maandishi yake, kutoka Biblia ya Union Version ile ya mwaka 1952, kwa kuwa ndiyo waumini wake wengi wameishika mkononi na neno likitofautiana wanainua vichwa. Mazishini hakibebi kishikwambi kabisa. Apple yenyewe inaelekeza iPad itumike penye joto lisilozidi nyuzi 35, na jua la makaburini Februari halijasoma maelekezo hayo.

Ufundi huu ni mkongwe kuliko kifaa. Charles Spurgeon, aliyehubiri kwa maelfu London katika karne ya 19, alikuwa akipanda na kikaratasi cha vichwa vya mambo tu. Mahubiri marefu tunayoyasoma leo yaliandikwa na waandishi wa hati mkato wakati akinena, kisha yeye akayasahihisha kwa ajili ya kuchapwa. Martin Luther King, Washington, tarehe 28 Agosti 1963, alikuwa na hotuba iliyoandikwa kikamilifu, na ile sehemu ya ndoto ambayo dunia nzima inaikumbuka haikuwemo kwenye karatasi. Maandishi mazuri yana mlango wa kutokea. Hapo ndipo wengi wanaponunua kishikwambi na kuuacha ufundi dukani: mtu anabandika kurasa nane zilizojaa maneno, anazisoma moja baada ya nyingine, na usharika unaangalia utosi wake.

Sisemi kishikwambi ni sawa na karatasi tu. Kuna jambo moja kinamfanyia mchungaji huyu ambalo karatasi ingemfanyia kwa shida, nalo hutokea kati ya ibada ya kwanza na ya pili. Watu wa saa moja asubuhi wanatoka, kwaya nyingine inajipanga, naye yumo ofisini na kikombe cha chai, anafuta. Kisa kilichopoa kinaondoka. Swali lililowafanya wamama wa mbele wagunegune linapandishwa juu na kuongezewa nafasi. Pale alipokimbia, anaandika "nyamaza" nyingine. Nimewahi kukaa ibada zote mbili Jumapili moja: ya kwanza yule mwana alikaa na nguruwe muda mrefu mno, tukaelezwa hadi chakula chao. Ya pili alikuwa ameshaanza safari ya kurudi kabla sijakaa vizuri, na mzee akapata muda wote wa kukimbia.