Chatu Mgonjwa: Joto Kwanza, Sindano Baadaye

Chatu wa kufugwa akigoma kula, mwenyewe hukimbilia sindano. Hapo ndipo tiba nyingi za nyoka zinapoharibika. Nyoka kwa kawaida hajitengenezei joto la mwili. Hulichukua juani, kwenye jiwe au kwenye taa. Akipoa, kinga yake hulegea, na dawa aliyodungwa haifanyi kazi inavyopasa.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1974 Matthew Kluger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliwadunga mijusi wa jangwani bakteria waliokufa, kisha wakawaacha wachague wenyewe kati ya penye joto na penye baridi. Mijusi wakasogea kwenye joto mpaka miili yao ikapanda takriban nyuzi 2 kupita kawaida. Homa waliifuata kwa miguu. Mwaka 1975 wakatumia bakteria hai, *Aeromonas hydrophila*, na safari hii kila kundi likafungiwa kwenye joto moja lisilobadilika, kuanzia nyuzi 34 hadi 42. Wa nyuzi 34 walikufa. Wa 40 na 42 wengi walisalimika. Ufundi wa jaribio uko hapo kwenye kufungia: mnyama aliponyimwa hiari, kazi ya joto ikaonekana peke yake.

Sasa tulilete Kizimbani, kisiwani Unguja. Usiku wa kipupwe, Julai na Agosti, joto la Unguja huteremka hadi nyuzi 22 hivi, na chini ya mikarafuu unyevu haukauki upesi. Chatu wa porini ana pa kwenda kuota jua. Aliye ndani ya tundu la sakafu ya saruji hana; yumo kwenye jaribio la Michigan, ila hakuna anayeandika matokeo.

Maradhi ya njia ya hewa ndiyo ya kuhofiwa zaidi hapa. Nyoka hana kiwambo cha kumsaidia kukohoa, kwa hiyo makamasi yakijaa hayatoki. Mtazame: anainua kichwa juu muda mrefu, anapumua mdomo wazi, puani panatoka mapovu, ukisogeza sikio unasikia mkoromo. Fizi nyekundu zenye usaha ni ugonjwa mwingine, na mara nyingi huandamana na huo wa kwanza. Lakini macho yaliyofifia kama maziwa, pamoja na kugoma kula, huenda ikawa ni maandalizi ya kujivua gamba tu. Jike anayelalia mayai naye hali. Mizani ndiyo inayoamua: kugoma bila kukonda kunavumilika, kugoma huku uzito unashuka hakuvumiliki.

Kwa chatu, upande wa joto uwe nyuzi 30 hadi 32, upande wa pili uwe na ubaridi wa kumpumzisha, na usiku pasishuke chini ya 24. Taa iwekwe nje ya wavu. Nyoka huweza kuendelea kulala juu ya kitu kinachomchoma, na umeme ukikatika usiku kucha hasara inarudi palepale.

Na dawa? Mwaka 1985 Mader na wenzake waliwapa nyoka wa Marekani kiuavijasumu cha amikasini wakiwa kwenye nyuzi 25 na kwenye 37. Kwenye joto la juu dawa ilisambaa zaidi mwilini. Dozi walizopendekeza zilipishana saa 72, kwa sababu mwili wa nyoka huitoa dawa taratibu mno. Anayemdunga kila siku kwa kipimo cha mbuzi anaua figo. Zile 37 zilikuwa za maabara, usimpandishe chatu wako huko. Sindano nayo huchomwa nusu ya mbele ya mwili, maana damu ya upande wa mkia hupitia kwenye figo kwanza.

Utitiri huonekana kama nukta nyeusi pembeni mwa macho, chini ya kidevu na ndani ya chombo cha maji. Waganga huutibu kwa ivamektini, kwa kipimo kidogo sana. Mwenye kobe nyumbani aiweke mbali: dawa hiyohiyo huua kobe, na hilo limejulikana tangu 1983.

Kwa hiyo, kabla ya kumpigia daktari wa mifugo, andika mambo manne: joto la tundu mchana na usiku, uzito wa leo na wa mwezi uliopita, tarehe ya mlo wa mwisho, na tarehe aliyojivua gamba. Kisha unawe mikono kwa sabuni, maana nyoka hubeba salmonela hata akiwa mzima.