Udongo Kabla ya Barafu

Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, kama Wisconsin na Minnesota, wako mafundi ambao kazi yao hufukiwa mara tu inapokamilika. Wao hujenga sakafu ya dampo: udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, juu yake karatasi ya plastiki ngumu, kisha takataka za miji. Nawastahi kuliko wajenzi wa maghorofa, maana maji ya visima vya watu wasiowajua yanategemea mikono yao.

Kanuni za shirikisho za mwaka 1991 zinataka udongo huo uwe na unene wa sentimita 60 walau, na upitishe maji polepole kiasi kwamba, yakisukumwa na uzito wake tu, yasipite zaidi ya sentimita 3 hivi kwa mwaka. Hapo ndipo ufundi ulipo. Udongo hutiwa maji yanayozidi kidogo kile kiasi kinachoupa uzito mkubwa zaidi, halafu rola lenye meno ya chuma huukanda kama unga wa chapati, hadi madonge yapotee na mipaka yake isionekane tena.

Kisha baridi huja. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, lakini huo si ubaya wenyewe. Udongo laini unapoganda huyavuta maji ya chini yake, nayo hujikusanya na kuwa vitabaka vyembamba vya barafu tupu. Udongo wa kandokando hukauka na kupasuka. Barafu ikiyeyuka, nyufa za kulala na za kusimama huwa zimekutana. Mwaka 1979, Edwin Chamberlain na Anthony Gow walionyesha jambo la kutisha: udongo laini ulioganda na kuyeyuka ulibanana zaidi, na bado ukapitisha maji mengi zaidi kwenda chini. Kwa hiyo fundi anayepima uzito wa udongo peke yake anaweza kuambiwa kila kitu ni salama. Misimu michache tu ya kuganda na kuyeyuka yaweza kuzidisha uvujaji mara 10, hata mara 100.

Udongo uwahi ungali maji, walisema wahenga, na kaskazini kuwahi ni kuishinda theluji. Sakafu hufunikwa mapema kwa udongo mwingine au taka za kwanza, kwa kina ambacho baridi haitakifikia. Chini kabisa, uzito wa taka husaidia kuzibana nyufa. Kwenye mfuniko wa juu wa dampo hakuna uzito wa kutosha, na jeraha hubaki wazi. Ndiyo maana mfuniko hunihangaisha zaidi. Huko mikeka ya bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, yaweza kusaidia: hujitibu kwa kuvimba tena inapolowa, mradi kalsiamu ya udongo wa jirani isiwe imechukua nafasi ya sodiamu yake.

Barafu ikiisha, sehemu iliyolala nje bila kufunikwa hukatwa na kuchunguzwa. Iliyopasuka hufumuliwa, hulowanishwa, hushindiliwa upya, hata kama kabla ya theluji ilikuwa imefaulu kila kipimo.