Neno Kama Mhimili wa Hoja: Makala ya Mwalimu Nyerere juu ya Ujamaa (1962)

Mwezi wa Aprili 1962, miezi michache baada ya kujiuzulu uwaziri mkuu wa Tanganyika, Hayati Mwalimu Julius K. Nyerere alitoa, kwa lugha ya Kiingereza, makala mafupi yaliyoeleza kuwa ujamaa ndio msingi wa usoshalisti wa Afrika. Makala hayo yamejadiliwa mara nyingi kwa upande wa siasa. Nia yetu hapa ni kuyatazama kwa upande wa lugha: jinsi hoja yake ilivyojengwa juu ya maana za maneno, na funzo alipatalo mwundaji wa istilahi.

Hatua ya kwanza ni fasili. Mwandishi haanzi na viwanda wala mali. Aanza kwa kusema kuwa usoshalisti, sawa na demokrasia, ni mwelekeo wa fikra. Kwa fasili hiyo, maskini aweza kuwa na moyo wa kibepari na tajiri akawa msoshalisti, ingawa mwandishi mwenyewe akiri kuwa tajiri wa namna hiyo ni nadra. Fasili hii yafanya kazi kubwa kimyakimya. Msomaji akiisha kuikubali, hana tena sababu ya kungoja viwanda wala mapambano ya kitabaka; yatosha kuurudia mwelekeo uliokuwapo.

Hatua ya pili ni ushahidi wa jadi. Zamani, asema, kila mtu alikuwa mfanya kazi. Na neno hilo alipambanua si na mwajiri tu, bali na mzembe pia. Hapo yaletwa methali ya mgeni anayepewa jembe siku ya tatu. Msomaji aliyelelewa na methali hiyo amekwisha kushawishika kabla ya kuulizwa. Kisha neno ujamaa, ambalo maana yake ya awali ni udugu wa watu wa jamaa moja, lapanuliwa hatua kwa hatua hadi kabila, taifa, bara na wanadamu wote.

Hatua ya tatu ndiyo dhaifu. Mwandishi atia shaka kama lugha yoyote ya asili ya Afrika ina neno la tabaka la kijamii, na kwa kukosekana neno aonyesha kuwa wazo lenyewe halikuwapo. Ni kweli kwamba neno tabaka, lenye asili ya Kiarabu, hapo kwanza lilitaja zaidi vitu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Lakini Kiswahili kilikuwa na mwungwana, mtumwa, mtwana na mjakazi. Huko Buhaya palikuwa na nyarubanja, utaratibu wa ardhi uliomfanya mkulima awe chini ya bwana wake. Jina la jumla laweza kukosekana, na hali majina ya sehemu zake yamo vinywani mwa watu kila siku.

Haya hayabomoi makala yote. Wajibu wa kufanya kazi, ulioshuhudiwa na methali, wabaki imara. Hata hivyo, Azimio la Arusha la 1967 lilitaja waziwazi tabaka la wanaofanya kazi na la wanaoishi kwa kazi ya wengine. Tena liliwakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Mwelekeo wa fikra peke yake ulikuwa umeonekana hautoshi. Ulihitaji masharti yanayoweza kukaguliwa.

Kwa wanaistilahi, funzo ni mambo mawili. Kwanza, neno la zamani likipewa kazi mpya huja na heshima yake ya zamani, na heshima hiyo yaweza kupokewa kana kwamba ni hoja. Hapana budi fasili ieleze maana imepanuliwa hadi wapi. Pili, tusiseme kamwe kuwa dhana haimo katika lugha kabla ya kuwauliza wasemaji wanaitaje kila sehemu yake. Orodha ya maneno yasiyopatikana kamusini hupima kamusi. Haijapima bado jamii.