Nishani ya Amani na Sifa za Woga

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Neno hilo la wazee tulilikumbuka tulipoyatazama mambo ya mwaka 2025.

Tarehe 4 Desemba Marais wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano ya amani huko Washington, mbele ya Rais Donald Trump. Kesho yake FIFA ikampa Rais huyo nishani yake ya kwanza ya amani. Haikupita juma moja, waasi wa M23 wakaingia Uvira, na watu kwa maelfu wakakimbilia Burundi. Je, nishani ile ililipia kazi gani?

Twaona pia jinsi sifa zinavyopatikana. Kamboja ilitishwa kwa ushuru wa asilimia 36 juu ya bidhaa zake ziingiazo Marekani. Mwezi wa Agosti 2025 ukashushwa hadi 19, na siku chache baadaye Waziri Mkuu wake akaandika barua kumpendekeza Trump kwa tuzo ya Nobel. Labda alishukuru kweli, maana Trump alisaidia kusimamisha vita yao na Thailand, ingawa Desemba iliwaka tena. Lakini mdaiwa akimsifu mdai wake, nani atapima moyo wake? Hiyo ndiyo hasara: hata shukrani ya kweli huonekana kama ya kununuliwa.

Halmashauri ya Oslo nayo yaweza kuharakisha. Mwaka 2019 ilimtuza Abiy Ahmed wa Ethiopia kwa kupatana na Eritrea. Mwaka uliofuata vita ikazuka Tigray.

Sisi wa Lubumbashi tuna kipimo karibu. Mwaka 1961 Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa ONU, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, akienda kuonana na Moïse Tshombe ili mapigano ya Katanga yakome. Mwaka uleule alipewa Nobel, naye yu kaburini. Askari wa ONU walipigana hapa mjini, na ubishi juu yao haukukosekana. Lakini nani angejipendekeza kwa marehemu? Tena mwaka 2018 Daktari Denis Mukwege wa Bukavu alituzwa baada ya kuwatibu kwa miaka mingi wanawake waliobakwa vitani.

Basi, shauri letu ni hili: tusikatae kushukuru, ila tungoje. Mkulima husifiwa mahindi yakiwa ghalani, si mvua ikiwa bado mawinguni. Siku wakimbizi wa Kivu watakapolala nyumbani kwao bila hofu, wao wenyewe watatuambia nani astahili nishani.