Mvua, Ardhi na Mkono wa Underwood

Derek Underwood alifariki tarehe 15 Aprili 2024, akiwa na umri wa miaka 78. Tangu 1963 hadi 1987 aliichezea kaunti moja tu, Kent, huko kusini-mashariki mwa Uingereza, na katika kriketi ya daraja la kwanza alichukua wiketi 2,465, yaani mpira wake uliwatoa wapigaji mara 2,465. Sioni nani ataifikia hesabu hiyo. Ratiba ya leo haimpi mtu mipira ya kutosha hata ya kuikaribia. Lakini wazee waliomwona kwa macho yao, ukiwauliza habari zake, hesabu huiweka kando. Huanza na mvua.

Siku zile ukanda wa katikati, pale mpira unapodunda, uliachiwa hali ya hewa iufanye itakavyo. Mvua iliponyesha uliloa, jua lilipotoka ulianza kukauka juu huku chini ukiwa bado tope. Kwa saa moja au mbili ardhi hiyo haikutabirika. Mpira mmoja uliruka ukamfikia mpigaji kooni, uliofuata ukanywea chini ya goti lake. Mtu aliyekusanya mikimbio mia moja bila jasho wiki iliyopita alisimama pale akiitazama ardhi kana kwamba hajawahi kuikanyaga. Hapo ndipo nahodha wa Kent alipomwita Underwood, na mazungumzo uwanja mzima yakakatika.

Alikimbia hatua nyingi kuliko kawaida ya warushaji wa polepole, nyayo zimeelekea nje, na alirusha kwa kasi iliyowashangaza waliotegemea mpira mlegevu. Hakuuzungusha sana kwa vidole. Aliukata, ukatoka mkono wake wa kushoto ukiwa umebeba nia yake. Hata hivyo ustadi wake mkubwa haukuwa mkato. Ulikuwa mahali. Mpira uliangukia pale alipotaka, na uliofuata ukaangukia palepale, na wa tatu, na wa kumi, mpaka pakabaki alama, na alama hiyo yenyewe ikageuka silaha. Nikimfikiria naona mshonaji wa kofia za vito: kila kitundu hakina ajabu kikiwa peke yake, na ajabu yote imo katika kutokosea kimoja.

Alianza Kent akiwa kijana wa miaka 17, na msimu huo wa kwanza akachukua wiketi zaidi ya mia moja. Hakuna kijana wa umri ule aliyewahi kufanya hivyo katika msimu wake wa kwanza. Kijana wa leo mwenye kipaji kama chake, katika umri uleule, hufundishwa kwanza namna ya kuzuia asipigwe. Nalitazama hilo kwa masikitiko, maana kuzuia na kuwinda ni elimu mbili tofauti.

Siku inayosimuliwa zaidi ni 27 Agosti 1968, katika uwanja wa Oval, London. Ilikuwa mechi ya kimataifa, Uingereza na Australia, siku ya tano na ya mwisho. Waingereza walihitaji ushindi ili wasishindwe katika mfululizo wote. Kufika chakula cha mchana Waaustralia watano walikuwa wameshatoka, na matumaini yalikuwa yamepanda. Kisha mbingu ikafunguka. Mvua ilipiga kwa ghadhabu na uwanja ukawa ziwa. Jua liliporudi, maji yalikuwa bado yametuama kwenye nyasi na saa ilikuwa inakimbia.

Sehemu hii ya kisa ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Watazamaji waliingia uwanjani. Watu waliolipa kiingilio ili waburudishwe walishika mifagio na mablanketi wakaungana na wafanyakazi wa uwanja kukamua maji ardhini. Walisukuma, walifyonza, walikanyaga, wakamwaga vumbi la mbao pale palipokataa kukauka. Mchezo uliporejea, karibu saa kumi na moja kasorobo jioni, zilikuwa zimebaki dakika 75. Nani leo angeruhusiwa kufanya hivyo? Walinzi wangemzuia mtu langoni, na tangazo la kibiashara lingeendelea kumulika juu ya kichwa chake. Watu wa Oval siku ile walikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Walijua kwamba ardhi ikikauka nusu, Underwood ataweza kuifanyia jambo.

Hata hivyo ardhi haikutii mara moja. Wapigaji wawili waliokuwapo walisimama imara na muda ukazidi kuyeyuka, mpaka Basil D'Oliveira akaletwa kurusha na kuvunja ushirika wao. D'Oliveira huyo ndiye mzaliwa wa Cape Town aliyekuwa amepata mikimbio 158 katika mechi hiyohiyo, kisha akaachwa nje ya kikosi cha kwenda Afrika Kusini. Alipoingizwa baadaye mwenzake alipojitoa, serikali ya ubaguzi ikakataa kumpokea, na ziara ikavunjika. Hicho ni kisa kinachostahili insha yake. Jioni ile alifanya alichotakiwa, na Underwood akarudishwa upande wa pili.

Wiketi nne za mwisho alizichukua kwa mipira 27. Ipo picha ya wakati ule: wachezaji wa Uingereza wamemzunguka mpigaji wa mwisho kwa karibu kiasi kwamba angeweza kuwagusa, wote mikono juu, wanamlilia mwamuzi. John Inverarity, aliyekuwa amesimama pale tangu mwanzo wa zamu ya timu yake, aliuachia mpira upige mguu bila kuutumia gongo, mwamuzi akainua kidole, na mechi ikaisha zikiwa zimebaki dakika chache.

Wasimuliaji hutaja mipira 27. Mimi huvutwa na mingine. Katika zamu hiyo Underwood alirusha ova 31 za mipira sitasita na mipira mitatu zaidi, yaani mipira 189, na ova 19 kati ya hizo hazikutoa hata mkimbio mmoja. Wiketi saba kwa mikimbio 50. Ile dakika tukufu ya jioni ilijengwa juu ya mipira zaidi ya mia moja na hamsini ambayo hakuna aliyeishangilia, iliyotupwa mahali palepale, ikimsoma mpigaji na kuisoma ardhi. Mchezo wa Twenty20 humpa mrushaji mipira 24 basi. Ule wa The Hundred humpa 20. Underwood wa mipira 20 tungemwona kijana mwenye shabaha nzuri, tukapiga makofi, tukamsahau kabla ya kufika kituo cha treni.

Na nyuma ya vijiti alikuwepo Alan Knott, mwenzake wa Kent na wa timu ya taifa. Wenye kujua huniambia kwamba kumdakia Underwood kwenye ardhi iliyolowa ilikuwa kazi ngumu kuliko ya kumpiga. Mpira ulikuja haraka, umefichwa na mwili wa mpigaji, haujulikani utaruka au utateleza, na Knott alichuchumaa karibu kabisa na vijiti, bila kurudi nyuma. Walikua pamoja katika kaunti moja. Mtu mmoja aliutupa mpira, mwingine akajua utafika wapi kabla haujafika, na maelewano hayo yalitokana na Mei na Juni za miaka mingi, kwenye viwanja vidogo, mbele ya watu mia chache waliovaa makoti. Hivyo ndivyo kaunti zilivyokuza mafundi wawiliwawili. Siku hizi mchezaji hununuliwa kwa wiki chache, na kabla hajalijua jina la mdaka mpira wake ameshapanda ndege.

Mwaka 1981 mashindano ya kaunti yakaamua kwamba ukanda ufunikwe turubai kila mvua inaponyesha. Sababu zilikuwepo: mapato yasipotee, mpigaji asionewe, vijana wajiandae kwa mechi za kimataifa ambako kufunika kulikuwa kumeshakuwa kawaida. Sina shaka walionuia hivyo walikuwa watu wema. Lakini kwa uamuzi mmoja elimu nzima ilikosa mahali pa kutumika. Underwood mwenyewe alijirekebisha na kuendelea kwa misimu kadhaa, maana alikuwa fundi. Waliomfuata hawakuwa na cha kurithi. Hakuna anayeweza kufundishwa kurusha kwenye ardhi ambayo haipo.

Viwanja navyo vikaondoka. Hastings, mji wa pwani katika kaunti jirani ya Sussex, ulikuwa na uwanja wa kriketi katikati kabisa ya mji, umezungukwa na nyumba, magofu ya ngome ya kale yakiutazama kutoka mlimani. Pale ndipo mwaka 1973, kwenye ardhi iliyolowa, Underwood alipochukua wiketi nane kwa mikimbio tisa tu. Na palepale, mwaka 1984, akiwa na miaka 39, mtu huyo ambaye kazi yake haikuwa kupiga alipata mikimbio 111, mia yake ya pekee katika daraja la kwanza. Nadhani hakuna mchezaji mwingine aliyepewa na uwanja wa ugenini zawadi mbili zisizofanana kiasi hicho. Sussex walicheza pale mara ya mwisho mwaka 1989. Leo ni jengo la maduka, lililofunguliwa mwaka 1997, na sanamu ya mpigaji imesimama mbele ya wanunuzi waliobeba mifuko. Hakuna sanamu itakayomwambia mtoto anayepita hapo kwamba chini ya sakafu ile kulikuwa na udongo uliojua kuadhibu.

Niwe mwadilifu. Mchezo mfupi haukuzaliwa jana. Shindano la kwanza la kaunti la siku moja lilianza 1963, mwaka uleule Underwood alipoanza, na ligi ya Jumapili ya ova 40 ikaja 1969. Kent waliitwaa ligi hiyo mara tatu kati ya 1972 na 1976, na Underwood alikuwamo, mbahili wa mikimbio hata pale wapigaji walipokuwa na haraka. Twenty20 ilipoingia mwaka 2003 ilileta watoto uwanjani jioni baada ya shule, na mwaka uliofuata, kaunti za Middlesex na Surrey zilipokutana katika uwanja wa Lord's, walihudhuria watu zaidi ya 27,000. Furaha ile ilikuwa ya kweli na siibezi. Tofauti ni kwamba ligi ya Jumapili iliingia katikati ya mechi ndefu na kuiacha iendelee Jumatatu. Ilikuwa mgeni mwenye adabu. Mashindano ya sasa yameingia na kumhamisha mwenye nyumba.

Katika uwanja wa Canterbury, nyumbani kwa Kent, ulipokuwa mti mkubwa wa aina ya linden ndani kabisa ya mipaka ya mchezo, mpira ulioupiga ulihesabiwa mikimbio minne. Mti huo wenye umri wa karibu miaka mia mbili uliangushwa na upepo Januari 2005, na mche mwingine ukapandwa. Mashabiki huegesha magari yao ukingoni, pua zikitazama mchezo, na kukaa humo mvua ikinyesha, chai kwenye chupa, daftari magotini. Wako wanaoandika kila mpira kwa penseli: nukta kwa mpira usiozaa kitu, tarakimu kwa uliozaa. Nimeketi kando ya mmoja wao, mzee mpole ambaye ukurasa wake ulijaa nukta, naye akaniambia kwamba nukta ndizo anazozirudia kusoma wakati wa baridi. Namwelewa. Kutazama nako ni ufundi, na hujifunzwa polepole.

Sisi wa Afrika Mashariki si wageni kabisa katika viwanja vya kaunti. Basharat Hassan, mzaliwa wa Nairobi, aliichezea kaunti ya Nottinghamshire tangu 1966 hadi 1985 na kutwaa nayo ubingwa wa kaunti mwaka 1981. Hakuna aliyempima kwa jioni moja. Alipewa karibu miaka ishirini ya kuzoeleka, mpaka watu wa Trent Bridge, uwanja wa kaunti hiyo, wakamhesabu wao. Sioni njia ambayo kijana mwingine wa Nairobi angeipitia leo kufika mahali hapo, kwa sababu kaunti zenyewe hazina tena subira ya kumngoja mtu akomae.

Tangu 2021 sehemu kubwa ya Agosti imetolewa kwa The Hundred na timu zake nane za miji mikubwa. Canterbury si mmoja wa miji hiyo. Kaunti 18 hubaki na shindano la ova 50, wachezaji wao bora wakiwa wameondoka, na sehemu kubwa ya mechi za siku nne husukumwa Aprili na Mei, wakati wa baridi, na Septemba, jua linapokuwa limechoka. Mrushaji wa polepole anahitaji ardhi ya Agosti, iliyochakaa na kupasuka, na ndiyo hasa anayonyimwa. Wiki ya kriketi ya Canterbury ilianza mwaka 1842 na kwa vizazi vingi ilikuwa ya Agosti. Wenye mamlaka wangeweza kuzirudishia kaunti zote 18 wiki mbili tu za mwezi huo kwa mechi za siku nne, wachezaji wote wakiwepo. Wiki mbili hazitaifilisi The Hundred. Na pengine, kama wangekuwa na ujasiri zaidi, katika mechi moja kati ya hizo waiache mvua inyeshe juu ya ukanda bila turubai.