Diski Iliyosingiziwa

Mtu aliyetaka kuendesha Linux toleo la 2.0, lililotolewa Juni 1996, katika kompyuta yenye prosesa mbili alilazimika kuifungua faili iitwayo Makefile, kuondoa alama iliyouzuia mstari wa SMP (yaani matumizi ya prosesa zaidi ya moja), kisha kuijenga upya kerneli yake. Na kazi hiyo peke yake ilitosha kuwa hadhari kwamba aingiako ni uwanja wa majaribio. Miongoni mwa adha zilizowapata watu wa uwanja huo, iliyowahangaisha mno ni ile ya draiva ya diski kulalamika kwamba ishara imepotea, au muda wa amri umekwisha bila jibu, na mashine nzima kuganda. Wengi walikihukumu kidhibiti cha diski papo hapo. Uchunguzi wa taratibu ulionyesha kuwa aghalabu hukumu hiyo ilikuwa dhuluma.

Draiva huandika amri katika rejista za kidhibiti, kisha huenda zake. Diski ikimaliza kazi, kidhibiti huinua ishara ya kukatiza, na prosesa mojawapo huacha iliyo nayo ili kuipokea. Ni mithili ya tajiri aliyempeleka tarishi: asiporejea, tajiri hajui kama bidhaa haikupatikana au tarishi amepotea njiani. Basi swali la kwanza la mchunguzi lilikuwa hili: je, kazi haikufanyika, au imefanyika na habari zake hazikufika? Katika diski za IDE jawabu limo katika rejista ya hali, kwenye mlango wa 1F7, ambamo biti ya 7 huwaka maadamu diski inashughulika. Walakini rejista hiyo ina hila: kuisoma tu kunaifuta ishara inayongojea, hata mchunguzi mwenye pupa, au prosesa ya pili iliyopita kuchungulia bila kufuli, huweza kuuangamiza ushahidi uleule unaotafutwa. Ndiyo maana mwenye busara alisoma mlango wa 3F6, ambao hutoa hali ileile pasipo kufuta kitu.

Ikidhihirika kwamba diski imemaliza kazi yake, tuhuma ilihamia kwenye njia ya ishara. Katika mfululizo wa 2.1, uliokuwa wa majaribio hadi ukazaa 2.2 mnamo Januari 1999, kerneli ilianza kuzigawa ishara baina ya prosesa kwa chipu ya IO-APIC, nayo ramani ya njia ilisomwa katika jedwali ambalo mtengenezaji wa ubao mama ameliandika ndani ya BIOS, kwa kufuata kanuni za Intel. Majedwali mengine yalikuwa na makosa matupu. Ishara za PCI hutambuliwa kwa kiwango cha umeme kinachodumu, ilhali zile za ISA hutambuliwa kwa badiliko la ghafula. Jedwali likiitaja ya kwanza kuwa ni ya pili, na vifaa viwili vikawa vinashiriki waya mmoja, kifaa kitakachoita wakati mwenzake hajanyamaza hakitasikika abadani, kwa kuwa hakuna badiliko jipya la kuonekana. Dalili yake ilikuwa bayana katika faili ya /proc/interrupts, inayohesabu ishara zilizopokewa: hesabu ya kidhibiti imesimama, na za vifaa vingine zinazidi kupanda.

Hapa ndipo nionapo kasoro katika desturi ya wengi, waliokuwa wakikimbilia kuwasha mashine kwa kuipa kerneli neno nosmp. Neno hilo huiondoa prosesa ya pili na IO-APIC kwa pamoja, hivyo diski ikipona hujui ni lipi kati ya hayo mawili lililoiponya. Afadhali noapic, iachayo prosesa zote kazini na kuirudisha njia ya zamani ya ishara; kisha, kwa zamu yake, maxcpus=1, iachayo IO-APIC na prosesa moja. Ikipona kwa la kwanza, kosa ni la njia, na pengine husahihishika kwa kuandika pirq= na namba zifaazo. Ikipona kwa la pili, tafuta kufuli lililosahauliwa ndani ya draiva, kwani kuzima ishara katika prosesa inayoendesha draiva peke yake kabla ya kugusa rejista huiziba hiyo moja tu masikio, na ya pili huendelea kama kawaida.

Vidhibiti vyenye hatia vilikuwapo, naam, ila vyenyewe havikulalamika. Chipu ya CMD640 ilikuwa na mikondo miwili isiyoweza kutumika kwa wakati mmoja, na aliyeitumia hivyo alikuta faili zake zimeharibika kimyakimya, bila onyo lolote. Dawa yake ikawa ni kuilazimisha draiva iupe kila mkondo zamu yake. Na maradhi hayo, tofauti na yote yaliyotangulia, yalimpata hata mwenye prosesa moja.